Mwaka Mpya wa Wakorea Siku ya Kuvunja Jungu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa mikono ya kufanya kazi, kisha akanibakizia pumzi ya kuieleza. Nyinyi vijana mnaojifunza upishi hapa Kilwa Masoko mmekuwa mkinisimamisha njiani. "Shikamoo Mzee Mshamu. Eti ni kweli uliwapikia Wakorea?" Nikisema kweli, maswali yanayofuata yanatoka kwenye simu zenu, kwenye zile tamthilia mnazotazama mpaka chaji inaisha. Mnataka kujua kama kweli wanajaza meza vibakuli vidogovidogo, kama kweli wanawainamia wazee mpaka chini, na kimchi ina ladha gani. Magoti yangu siku hizi hayapendi kusimama barabarani, kwa hiyo nakuandikieni mkae msome kwa nafasi.

Mimi nilikuwa mpishi wa shughuli. Arusi, hitima, maulidi, popote palipohitajika pilau ya sufuria kubwa niliitwa mimi. Nimepika kwa kuni tangu ujana, moshi ukinitoa machozi kuliko wafiwa wenyewe. Uzeeni ndipo kampuni ya Wakorea iliyokuja kujenga mradi wa maji ikapiga kambi karibu na Nangurukuru, wakatafuta mpishi asiyekunywa na asiyechelewa. Jirani akanitaja. Nikaingia jiko la gesi lenye friji kubwa kama kabati la nguo, na msaidizi mmoja, Mama Remi, mwanamke wa Kipatimu, Mkristo Mkatoliki, mwenye mikono ya chuma na mdomo usiopumzika.

Siku ya kwanza nilimwambia msimamizi wa kambi, Bwana Kwon, kwamba nguruwe na pombe sitashika. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Sawa. Ng'ombe. Kuku. Samaki. Basi." Mama Remi akanong'ona nyuma yangu, "Mzee umenikosesha kitimoto mchana kweupe." Tangu siku hiyo sikuwahi kugombana na Wakorea kwa ajili ya dini yangu. Shikeni hilo. Jambo la imani lisemeni mapema, kwa upole, kabla sufuria haijapanda jikoni. Mtu akijua mpaka wako tangu mwanzo, hata akiona ajabu hataona dharau.

Kimchi sasa. Ni kabichi la Kichina linalotiwa chumvi, likalala, likaoshwa, kisha likapakwa pilipili ya unga, kitunguu saumu, tangawizi na mchuzi wa samaki, likashindiliwa chomboni lichachuke. Bwana Kwon alinifundisha kwa mikono yake, jani kwa jani, kama anamvalisha mtoto. Tulipomaliza ndoo akaondoka kwenda Lindi, kwa kuwa walikuwa na ofisi kule Rasbura, akaniambia niitunze vizuri.

Mimi kutunza nikajua. Kwetu achari ya embe unaianika. Jua ndilo linaloiivisha. Basi nikaibeba ndoo ile, nikaiweka juu ya bati la kibanda cha jenereta, jua la Kilwa likaipiga kisawasawa. Adhuhuri tukasikia mlio, paa! Mama Remi akalala chini akijua ni tairi la lori. Kifuniko kilikuwa kimerukia kwenye uzio, na kunguru wa Nangurukuru nzima wamekuja kuangalia kuna msiba gani. Harufu ilikaa kambini mpaka jioni.

"Mzee," akasema Mama Remi akijifuta vumbi, "hiki chakula kimekufa, tukizike."

Bwana Kwon aliporudi nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kimchi hutaka baridi na giza. Zamani kwao walikuwa wakifukia mitungi ardhini wakati wa theluji, kabichi likachachuka polepole miezi ya baridi. Tangu hapo ndoo zetu zililala ndani ya friji, nami nikajifunza kwamba chakula kimezoea hali ya hewa ya kwao kama mtu. Na kwa kuwa ilikuwa inatoa mapovu, nilikwenda kumuuliza Maalim wangu kama imekuwa pombe. Akaionja kwenye ncha ya kidole, akakunja uso, akasema, "Hii ni achari yenye hasira. Kula." Nikashusha pumzi, na naila mpaka leo.

Mnapenda kuniuliza pia kuhusu vile vyakula vya kuchanganya. Hivyo tulivianza sisi bila kujua kama vina jina. Pweza wa Kilwa wao walimkaanga na ile pilipili yao ya kusaga, tamu-kali, nasi tukamlaza juu ya wali wa nazi. Mama Remi akaanza kutia kimchi iliyokatwakatwa ndani ya bajia. Siku hizi anaziuza pale stendi ya Nangurukuru, na abiria wa mabasi wanamwita madirishani, "Mama, leta zile za Kikorea!" Naye hajafika Korea hata kwa ndoto. Wakorea wenyewe walikuwa wakizigombania.

Lakini ninachotaka hasa kuwaandikia ni habari ya sahani ya Minho.

Minho alikuwa injinia wa pampu, kijana mwembamba wa miwani, mdogo kuliko wote pale kambini. Kiswahili alikijua kuliko wenzake kwa sababu alikaa jikoni kwetu kila akipata nafasi, akimenya vitunguu na kuuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya mezani kwao. Chombo unakipokea kwa mikono miwili. Mkubwa asiposhika kijiko, mdogo hagusi chake, hata kama njaa inamuuma. Nikamwambia kwetu nako mtoto hatangulizi mkono kwenye sinia. Akacheka, "Basi bibi yako na bibi yangu walisoma darasa moja."

Alilelewa na babu yake. Yule mzee alikuwa mtoto wakati nchi yao iko chini ya Wajapani, mpaka jina lake walimbadilisha akapewa la Kijapani. Kisha ikaja vita iliyoikata nchi vipande viwili, akala magome ya miti. Ndiyo sababu kwake punje ya wali haikuachwa kwenye bakuli. Mama Remi alipoyasikia hayo aliacha kukuna nazi. "Kwetu Umatumbini," akasema, "bibi alihadithia habari za Mjerumani na pamba yake ya kulazimisha. Hapo ndipo Maji Maji ilipoanzia. Kumbe na nyinyi mlipitia." Minho akamwambia, "Tulipitia, Mama." Wakaendelea na kazi, mmoja na nazi, mmoja na vitunguu.

Ule mwaka wangu wa mwisho kazini, yule babu alifariki. Habari zilifika mvua imekata barabara na pampu kubwa ziko wazi zikingoja kufungwa. Mpaka njia ikapitika, mazishi yalikuwa yamekwisha. Minho hakulia mbele yetu. Aliacha kula tu.

Nyinyi mnaotaka kazi hii, jueni kwamba hakuna kinachomuuma mpishi kama sahani iliyorudi imejaa. Matusi utayasahau. Sahani ile utaiota. Minho alikaa mezani na wenzake, Bwana Kwon akashika kijiko, wote wakafuata, naye akachokonoachokonoa wali, kisha chombo kikarudi jikoni kama kilivyotoka. Nilimpikia uji wa mchele. Nikampikia kuku wa kuchemsha na tangawizi. Mama Remi akasonga ugali wa muhogo na mlenda, akasema huo hata mgonjwa wa mapenzi unamteremka. Haukumteremka. Mkanda wake wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mapya.

Bwana Kwon akaja jikoni. "Mzee, kijana hali. Akiendelea hivi, baada ya Mwaka Mpya namrudisha nyumbani. Mgonjwa sitaki afe hapa."

"Nyumbani kuna nani, Bwana Kwon?"

Akafikiri. "Nyumba," akasema. "Hakuna mtu."

Mwaka Mpya wao, vijana wangu, hauji Januari mosi. Unafuata mwezi, kama miezi yetu ya Kiislamu, na mwaka ule uliangukia siku za mwisho za Shaabani, sisi tukijiandaa kuvunja jungu, kula na kufurahi kabla ya Ramadhani. Nikaona hapo pana mlango. Nikamfuata Minho kwenye pampu zake, nikamuuliza siku hiyo kwao wanakula nini.

Akaniambia supu. Supu ya ng'ombe yenye vipande vyeupe vya mchele uliotwangwa, na mayai yaliyokatwa nyuzinyuzi juu yake. Asiyekula bakuli hilo hajaongeza mwaka. Tena kabla ya kula, asubuhi, wadogo wanavaa vizuri, wanawasujudia wakubwa, paji la uso mpaka kwenye mikono iliyo chini, na mkubwa anawaambia maneno mema ya mwaka.

"Sijawahi kukosa kumwinamia babu," akasema. "Tangu nilipojua kusimama." Akavua miwani akaifuta kwa shati lenye grisi, ikazidi kuchafuka. "Mzee Mshamu, hapa kambini wewe ndiye mkubwa kuliko wote. Naomba nikuinamie wewe. Halafu nitakula. Ahadi."

Nilimwambia nitamwona kesho, nikarudi jikoni nikaunguza vitunguu, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nioe.

Nadhani mnaelewa. Tangu utotoni, kwenye chuo cha Kurani, nimefundishwa kwamba paji la uso halishuki ila kwa Muumba. Nikae kitini, mtu aje anisujudie mimi, mkuna nazi? Na nikimkatalia, ndiye yule mgonjwa anayepelekwa kwenye nyumba tupu. Nilikuwa na kijana upande mmoja na dini yangu upande wa pili, na supu katikati.

Mama Remi akaniambia, "Mzee, funga macho tu. Hutamwona akiinama."

"Mungu naye afunge?"

"Mh," akasema. "Basi endelea kuunguza vitunguu."

Baada ya swala ya alasiri nikaenda kwa Maalim. Nikamweleza tangu kifo cha babu hadi ahadi ya supu. Maalim ni mtu asiye na haraka. Aliuliza mambo madogomadogo, kijana ana umri gani, anakula samaki au hali, barabara ya mazishi ilikatika wapi. Nikaona anapoteza muda. Kisha akauliza, "Na yeye umemweleza kwamba kwetu kusujudiwa ni jambo zito?"

"Sijamweleza."

"Kwa nini?"

"Nimeogopa kumvunja moyo, na moyo wenyewe umeshavunjika."

"Mshamu, yule anataka kumheshimu mzee. Mwambie mzee huyu anaheshimiwa vipi. Anayetaka kukupa zawadi hukasirika ukimwambia mlango uko upande gani?"

Nikamuuliza na supu je, maana Minho alisema wao wenyewe wataweka picha ya babu yake na chakula mbele yake. Akasema, "Hayo ya chumbani kwao waachie wao. Wewe wapikie walio hai, kwa jina la Mungu, kama ulivyopika siku zote."

Nilitembea kurudi nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa gunia la mchele. Na fikirini, ndilo jambo lile lile nililolifanya siku ya kwanza kwa habari ya nguruwe. Siku ya nguruwe nilisema bila kutetemeka kwa sababu nilikuwa simpendi mtu yeyote pale. Mapenzi nayo humfanya mtu awe mwoga.

Nikamwita Minho jikoni. Nikamkalisha kwenye kindoo chake cha vitunguu, nikamwambia, "Mwanangu, mimi hutanisujudia. Sababu si wewe. Sisi kile kitendo tumemwekea Mungu peke yake, na mimi naogopa kukipokea. Lakini heshima yako naitaka, naitaka sana. Kwetu mtoto hupiga magoti au huchutama, anashika mkono wa mzee, anasema shikamoo. Mzee anajibu marahaba, anamwombea dua. Hii yaweza kukutosha?"

Akauliza, "Dua ni yale maneno mema ya mwaka?"

"Ndiyo hayo hasa."

"Na mkono nashika kwa mikono miwili?"

"Hata kama ungekuwa na mitatu."

Akatabasamu. Kidogo tu, lakini Mama Remi aliona, akageukia ukutani kujifuta na kanga.

Sasa tukabakiwa na kazi ya vile vipande vyeupe. Minho alieleza: mchele unaloweka, unatwanga, unaupika kwa mvuke, unatwanga tena mpaka unakuwa mmoja unaovutika, kisha unauviringisha kama fimbo, ukipoa unakata mshazari. Mchele wetu wa Rufiji, mzuri kwa pilau punje isimame mbalimbali, ndio uliotutesa. Mama Remi alitwanga kwenye kinu jasho likimtiririka, tukaviringisha, tukakata, tukatia kwenye supu ya majaribio. Vikameguka vyote. Tukawa na uji wa nyama.

"Huu mchele hautaki kushikana," nikasema.

"Umezoea pilau yako wewe, umeringishwa," akasema Mama Remi. Akakung'uta mikono, akaenda kwenye kabati, akarudi na unga mweupe wa muhogo aliotoka nao kwao. "Muhogo unashika hata nyumba." Akatia konzi moja, akatwanga upya. Donge likawa laini, likavutika, likang'aa. Tulipochemsha kipande kikabaki kipande, ukikitafuna kinarudisha meno. Minho alikitafuna kwa muda mrefu, akasema, "Si cha kwetu kabisa. Lakini ni ndugu yake." Mkitaka kujaribu, konzi moja kwa kila sahani kubwa ya mchele inatosha. Ukizidisha utakuwa unatafuna kandambili.

Siku yao ikafika. Bwalo lilifagiliwa, mkeka mpya ukatandikwa, nami nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa na kofia. Wao kwa wao waliinamiana kwa utaratibu wao, wadogo kwa Bwana Kwon, nikabaki mlangoni mpaka walipomaliza. Kisha Bwana Kwon mwenyewe akanionyesha mkeka.

Nikakaa. Minho alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Akapiga magoti mbele yangu, akakaa juu ya visigino, akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa baridi.

"Shikamoo, babu."

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Yakapotea. "Marahaba, mjukuu wangu," nikasema, nikaweka mkono wa kushoto kichwani pake. Nikamwombea afya. Nikamwombea kazi yenye baraka na mke mwema. Nikaomba Mungu amjaalie kumbukumbu njema ya aliyemlea. Kisha nikaona nimwambie kama mzee yeyote angemwambia mtoto wake: "Umekonda. Babu yako hakubakiza punje. Wewe unabakiza sahani nzima. Acha."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na machozi yale aliyoyafunga tangu mvua yakamwagika kwenye kanzu yangu. Hakuna aliyemkataza. Bwana Kwon alitazama dari. Kwao mkubwa huwapa wadogo kitu kidogo siku hiyo, nami mfukoni nilikuwa na tende nilizonunulia Ramadhani. Nikampa. Akazipokea kwa mikono miwili.

Supu ikaja. Akala bakuli lile, akalishika kwa mikono akanywa mchuzi wote, akalipeleka mwenyewe mpaka jikoni kwa Mama Remi na kusema neno ambalo mpishi hulisubiri kuliko pongezi: "Ongeza."

"Ukila mawili utazeeka miaka miwili," Mama Remi akamwambia.

"Mzee Mshamu amekula mangapi?"

"Matatu. Mwangalie, kesho tunamzika."

Nilicheka nikiwa nimeshika mlango. Alhamdulillah. Sijui kama nimewahi kuisema kwa nafasi kama siku ile.

Kesho yake jioni mwezi wa Ramadhani ukaandama. Siku ya kwanza ya mfungo nilipika chakula cha kambi kama kawaida, kwa pua na kwa macho, bila kuonja. Wakorea walikula mapema wakaondoka bwaloni. Mama Remi aliniandalia futari kwenye meza ndogo ya jikoni, uji wa pilipilimanga, mihogo ya nazi, tende. Nikanawa, nikakaa kungoja magharibi.

Minho akaingia, akavuta kindoo chake, akakaa upande wa pili. Alikuwa hajala na wenzake. Mama Remi akamwekea bakuli, mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani. Akalitazama, nikasikia tumbo lake linavyolalamika.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Wewe hukufunga, na uji unapoa."

Akaweka mikono mapajani. "Mkubwa hajashika kijiko."

Tukakaa hivyo mpaka adhana ikasikika kutoka upande wa stendi. Nikasoma bismillahi, nikatia tende mdomoni. Naye akashika kijiko.